Mtwa Mkwawa na Maamuzi ya Vita

1. Mkulima na Jemadari

Mkulima mzoefu hutazama mawingu. Husikiliza upepo. Huangalia miti inavyochipua. Kisha huamua kupanda au kungoja. Ukimwuliza amejuaje, huenda akashindwa kukueleza yote. Macho yake yamekwisha kuona misimu mingi, nayo humwambia upesi. Mkunga naye ni hivyo hivyo. Humtazama mama mwenye uchungu, akajua mapema kama kuna hatari.

Jemadari wa vita hufanya kazi ya namna hiyo. Vitani muda ni mfupi. Habari huja nusu nusu. Kosa moja huua watu wengi. Jemadari hana nafasi ya kukaa chini na kupima njia kumi, moja baada ya nyingine. Huona dalili, hukumbuka mambo aliyokwisha kuyapitia, kisha huamua.

Lakini uzoefu una hatari yake pia. Mkulima wa milimani akihamia pwani, mawingu ya huko humdanganya. Ni lazima ajifunze upya. Asipojifunza, mbegu zake huozea ardhini.

Katika somo hili tutasoma maisha ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alipigana na Wajerumani kwa miaka saba, tangu mwaka 1891 hadi mwaka 1898. Tutaona mahali alipoamua vizuri. Tutaona pia mahali ambapo uamuzi wake ulimponyoka.

2. Kijana wa Luhota

Mkwawa alizaliwa mwaka 1855 au karibu na mwaka huo. Alizaliwa Luhota, katika nchi ya Uhehe. Nchi hiyo leo imo katika Mkoa wa Iringa, Tanzania. Jina lake refu lilikuwa Mkwavinyika. Jina hilo lilifupishwa, likawa Mkwawa.

Baba yake aliitwa Munyigumba. Zamani Wahehe hawakuwa na mtawala mmoja. Kulikuwa na koo nyingi, na kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake. Munyigumba aliziunganisha koo hizo. Nyingine zilikubali kwa mapatano, nyingine kwa vita. Akawa Mtwa, yaani mtawala wa wote.

Siku hizo nchi haikuwa na utulivu. Wasangu walikuwa majirani wenye nguvu. Wangoni walikuwa wamefika kutoka kusini mwa Afrika, wakaleta mbinu mpya za vita. Walipigana kwa vikosi, kwa ngao na mikuki ya kuchomea karibu. Wasangu walijifunza mbinu hizo. Wahehe nao wakajifunza.

Mkwawa alikua katika mambo hayo. Alijifunza kusoma nyayo njiani. Alijifunza mahali watu wanapoweza kujificha na mahali wanapoweza kunaswa. Alijua mito inayovukika na isiyovukika. Hakwenda chuo cha vita. Vita vyenyewe ndivyo vilivyokuwa chuo chake.

Munyigumba alifariki mwaka 1879. Ukazuka ugomvi juu ya urithi. Mtu mmoja mkubwa, jina lake Mwambambe, aliutaka utawala. Yasimuliwa kwamba Mkwawa alikimbilia Ugogo kwanza ili kuokoa maisha yake. Baadaye alirudi, akakusanya watu, akamshinda Mwambambe mahali paitwapo Ilundamatwe. Maana ya jina hilo ni mahali palipolundikwa vichwa vingi. Watu wengi walikufa hapo.

Tangu hapo Mkwawa alitawala peke yake. Alipigana na Wangoni, kisha akafanya amani nao. Aliwasukuma Wasangu kutoka katika nchi yao. Majeshi yake yalifika Ubena, Ugogo na Usagara. Walileta ng'ombe na mateka. Misafara ya biashara iliyopita karibu na nchi yake ililipa hongo.

Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia. Kila vita alivyoshinda vilimwongezea nguvu, na vilimwongezea adui pia.

3. Mtu Aliyeitwa Nyundo

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kuchukua miji ya pwani. Watu wa pwani walikataa. Wakapigana wakiongozwa na Abushiri, na wengine wakiongozwa na Bwana Heri. Mjerumani mmoja aliyekuwa Pangani wakati huo aliitwa Emil von Zelewski. Ukali wake kwa watu wa Pangani ulikuwa mmoja wa mambo yaliyowasha moto ule. Serikali ya Ujerumani ilileta jeshi, na upinzani wa pwani ukavunjwa. Abushiri alinyongwa mwaka 1889.

Kufika mwaka 1891 Zelewski alikuwa mkuu wa jeshi lote la Wajerumani katika nchi hii. Watu walimpa jina la Nyundo. Yeye naye alikuwa mzoefu. Alikuwa ameona vita vya pwani. Alikuwa ameona bunduki na mizinga ikiwatawanya watu upesi. Basi aliamini kwamba kila mahali mambo yatakuwa hivyo.

Mwaka huo alitumwa kwenda bara kuwatiisha Wahehe. Aliondoka pwani na maofisa wachache wa Kijerumani, askari Waafrika zaidi ya 300, na wapagazi zaidi ya 100. Askari wengine walikuwa watu wa Sudani, na wengine wametoka upande wa Msumbiji. Walikuwa na bunduki, mizinga midogo, na bunduki za bombom.

Njiani jeshi lilichoma vijiji. Zelewski aliona kwamba Wahehe wana mikuki na ngao tu. Aliona hawakutokea kupigana naye. Alifikiri kwamba ni waoga. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

4. Asubuhi ya Lugalo

Wahehe hawakuwa wamelala. Wapelelezi walikuwa wakiwafuata Wajerumani na kuleta habari. Walihesabu watu. Walitazama jinsi wanavyotembea, wanapolala, na wapi wanapoweka silaha kubwa.

Habari hizo zilionyesha mambo matatu. Kwanza, jeshi lile lilitembea mtu mmoja mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, kama siafu. Mbele na nyuma yake palikuwa mbali sana. Pili, mizinga ilibebwa juu ya punda. Kuiteremsha na kuitengeneza kulihitaji muda. Tatu, hawakuwa na tahadhari ya kutosha. Hawakuwatuma watu mbele kupekua vichaka vya pande mbili za njia.

Wahehe walijua pia tofauti ya bunduki na mkuki. Bunduki ina nguvu kwa mbali. Katika uwanja wa wazi, mwenye mkuki hufa kabla hajafika. Lakini bunduki za askari wale zilipiga risasi moja, kisha zikahitaji kushindiliwa nyingine. Adui akiwa hatua chache tu, mwenye bunduki hana nafasi hiyo. Karibu, mkuki ni sawa na bunduki, na pengine huishinda.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja. Ilikuwa kutafuta mahali ambapo adui atafika karibu mwenyewe, bila kujua. Waliijua nchi yao. Walipachagua Lugalo, upande wa mashariki wa mji wa Iringa wa leo. Hapo njia ilipita penye mawe, vichaka na nyasi ndefu. Askari wa Mkwawa, watu elfu kadhaa, walijificha humo. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Waliagizwa wangoje mlio wa bunduki. Mlio huo ndio utakaokuwa ishara ya kuinuka wote pamoja.

Kungoja si kazi rahisi. Adui anapita mbele ya macho. Mtu mmoja akikohoa au akitupa mkuki mapema, mambo yote huharibika. Maelfu ya watu walinyamaza.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 17 Agosti, 1891. Jeshi la Wajerumani lilianza kuingia mahali pale. Yasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimwona ndege, akampiga risasi. Wahehe waliposikia mlio ule, walidhani ni ishara yao. Sehemu ya nyuma ya jeshi ilikuwa bado haijaingia katika mtego.

Hapo ndipo tunapoona faida ya watu kuelewa shabaha ya kazi. Mpango ulikuwa umevurugika kidogo. Lakini hawakuhitaji kurudi kumwuliza mkubwa wafanye nini. Kila mtu alijua kwamba ni lazima wafike karibu upesi. Waliinuka wakakimbilia njia kutoka vichakani. Askari walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili. Punda walishtuka, wakakimbia ovyo kati ya watu. Mizinga haikupata nafasi ya kutumika inavyopasa.

Kwa muda wa dakika chache mambo yalikwisha. Zelewski aliuawa pamoja na maofisa wengi na askari wengi. Waliokuwa nyuma walipanda kilimani wakajihami, kisha wakarudi pwani. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu.

Lakini ushindi haukuwa wa bure. Taarifa husema kwamba Wahehe wapatao 60 walikufa pale pale. Wengine zaidi ya 200 walikufa baadaye kwa majeraha. Nyumba nyingi za Uhehe zilikuwa na kilio.

Tuwapime sasa majemadari hawa wawili. Wote walikuwa wazoefu. Wote waliamua kwa mambo waliyokwisha kuyaona. Tofauti yao ni hii. Zelewski alitumia uzoefu wa pwani katika nchi asiyoijua, na hakuuliza. Mkwawa alitumia uzoefu wa nchi yake mwenyewe. Juu ya hayo, alituma watu wakamwangalie adui huyu mpya kabla ya kuamua.

5. Ukuta wa Kalenga

Makao makuu ya Mkwawa yalikuwa Kalenga, karibu na mto Ruaha Mdogo. Aliyazungushia ukuta mrefu na mnene wa mawe na udongo. Ilikuwa ngome kubwa, na sifa zake zilifika mbali.

Ukuta ule haukujengwa kwa ujinga. Kwa vita vya Wasangu na Wangoni, ulikuwa uamuzi mzuri. Mtu mwenye mkuki na ngao hawezi kuvunja ukuta wa namna ile. Ndani yake watu, chakula na ng'ombe walikuwa salama. Mkwawa alikuwa ameona vita vya namna hiyo tangu utoto wake.

Mwaka 1892 Wahehe waliishambulia ngome ya Wajerumani huko Kondoa, karibu na Kilosa. Kulikuwa pia na wajumbe na mazungumzo kati ya pande mbili, lakini amani haikupatikana. Wajerumani hawakuisahau Lugalo. Waliketi wakajifunza kutokana na kosa lao.

Mwezi wa Oktoba 1894 walirudi. Mara hii waliongozwa na Gavana Friedrich von Schele mwenyewe. Pamoja naye alikuwa ofisa aitwaye Tom von Prince. Hawakutembea kwa dharau kama Zelewski. Walifika karibu na Kalenga, wakaweka mizinga yao, wakaipiga ngome. Tarehe 30 Oktoba walipanda ukuta wakaingia ndani. Wahehe walipigana nyumba kwa nyumba. Mwisho Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliponyoka.

Kwa nini mambo yalikuwa tofauti na Lugalo? Kule Lugalo adui hakujua Wahehe wako wapi. Hapa Kalenga alijua vizuri. Kule Wahehe walichagua mahali na saa. Hapa adui ndiye aliyechagua. Kule bunduki na mizinga ilinyimwa nafasi ya kupiga kwa mbali. Hapa ilipewa nafasi hiyo, maana ukuta hauwezi kukimbia wala kujificha. Na zile silaha zilizotekwa Lugalo hazikutosha kuokoa mji. Bunduki hutaka risasi siku zote, na mzinga hutaka fundi wake.

Ukuta ulikuwa jibu zuri kwa swali la zamani. Wajerumani walikuwa swali jipya. Mawingu yalikuwa yamebadilika.

6. Vita vya Msituni

Watu wengi wangekata tamaa hapo. Mkwawa hakukata tamaa, na tena hakurudia kosa. Hakujenga ngome nyingine ili akae ndani yake angoje mizinga. Alirudi katika mbinu iliyomfaa, yaani kujificha, kungoja, na kupiga karibu. Alitembea na watu wachache. Hakukaa mahali pamoja. Wahehe walivizia vikosi vidogo vya Wajerumani, kisha wakatoweka katika misitu na milima.

Vita hivyo viliwezekana kwa sababu moja kubwa. Watu walimlisha na kumficha. Walimpa habari za nyendo za adui. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Hizo zilikuwa fedha nyingi sana siku zile. Hata hivyo miaka ilipita bila ya kukamatwa.

Prince naye alikuwa jemadari mwenye kujifunza. Aliona kwamba kumtafuta mtu mmoja msituni ni kazi bure. Aliamua kuwatenga watu na Mtwa wao. Mwaka 1896 alijenga boma jipya mahali ulipo mji wa Iringa leo. Aliwapa utawala wakubwa waliokubali kumtii. Alimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala. Baada ya muda mfupi Wajerumani walisema kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri. Wakamnyonga mwaka 1897.

Vijiji vilivyodhaniwa kumsaidia Mkwawa viliadhibiwa. Ng'ombe walichukuliwa. Chakula kilichomwa. Njaa iliingia Uhehe. Kila mzee wa nyumba alikuwa na uamuzi mgumu mbele yake. Akimlisha Mtwa, watoto wake wataadhibiwa. Asipomlisha, amemsaliti mtu anayeipigania nchi yake. Tunapozungumza juu ya maamuzi ya vita, tusiwasahau watu hao. Majina yao hayakuandikwa, lakini nao waliamua, na maamuzi yao yaliwagharimu.

Hapo ndipo vita vya zamani vilipodai malipo. Mkwawa alikuwa na majirani wengi, lakini marafiki wachache. Wasangu walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao. Walishirikiana na Wajerumani, nao wakarudishiwa nchi. Wengine walioibiwa ng'ombe zamani hawakuona sababu ya kumfia Mkwawa. Mgeni mwenye bunduki alikuta nyumba zenye ugomvi. Aliingia kwa mlango huo.

7. Mlambalasi

Kufika mwaka 1898 Mkwawa alibaki na watu wachache sana. Alikuwa mgonjwa. Adui walimfuata nyuma siku baada ya siku.

Tarehe 19 Julai, 1898, kikosi cha sajini mmoja wa Kijerumani aitwaye Merkl kilimkaribia mahali paitwapo Mlambalasi. Mkwawa aliona kwamba njia zote zimefungwa. Aliamua kwamba hatakamatwa akiwa hai. Alijipiga risasi. Wajerumani walipofika walimkuta amekwisha kufa.

Walimkata kichwa. Fuvu la kichwa chake lilipelekwa Ujerumani. Wahehe hawakulisahau. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yalitia saini mkataba wa Versailles, mwaka 1919. Katika mkataba huo mlikuwa na kifungu kilichoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Lakini miaka mingi ilipita. Lilirudishwa mwaka 1954 na Gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Lilipokelewa Kalenga na Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Adam Sapi huyo baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Fuvu limewekwa katika makumbusho ya Kalenga.

Jina la Lugalo nalo halikupotea. Kambi kubwa ya jeshi la Tanzania iliyoko Dar es Salaam inaitwa Lugalo.

8. Tunajifunza Nini?

Watu wengi humsifu Mkwawa kwa ushujaa wake, na ni haki yake. Lakini ushujaa peke yake haukuleta ushindi wa Lugalo. Zelewski pia hakuwa mwoga. Kilichomshinda ni kutotazama.

Tunajifunza kwamba uamuzi wa haraka huweza kuwa uamuzi mzuri, ikiwa mwenye kuamua amekwisha kuona mengi na amepata habari za kweli. Tunajifunza kwamba watu wakielewa shabaha ya kazi, kazi haikwami mambo yakivurugika. Tunajifunza kwamba dawa iliyoponya ugonjwa wa jana yaweza isiponye ugonjwa wa leo. Tena tunajifunza kwamba anayewatendea jirani zake vibaya wakati wa nguvu zake, huwa peke yake wakati wa shida.

Mambo hayo si ya vita tu. Yamo shambani, yamo katika uongozi wa kijiji, yamo nyumbani mwetu. Mzee anayejua sana na bado anauliza, huyo ndiye wa kufuatwa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Wapelelezi waliona mambo gani matatu katika jeshi la Zelewski? Kila jambo liliwasaidiaje Wahehe?
2. Zelewski alikuwa mzoefu wa vita. Kwa nini uzoefu wake haukumsaidia?
3. Ukuta wa Kalenga ulikuwa na faida gani zamani? Kwa nini haukufaa mwaka 1894?
4. Kama ungalikuwa mzee wa nyumba huko Uhehe mwaka 1897, ungaliamua nini, na kwa sababu gani?
5. Taja jambo moja katika kijiji chenu ambalo zamani lilifanywa vizuri kwa njia fulani, na sasa njia hiyo haifai tena. Mtaamuaje kuibadili?